Nahodha Hakutudanganya

Kwa miaka mitatu watu wa Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu, wamenisikia nikisimulia jinsi nahodha mmoja wa kisiwa cha Mafia alivyotukwamisha kwenye matope kwa makusudi ili atukamue pesa. Nimeisimulia dukani kwangu, mbele ya rafu za plagi na minyororo ya pikipiki. Nimeisimulia matangani, saa zile za usiku ambapo wenye msiba wenyewe wanatafuta kitu cha kuwachekesha. Nimeisimulia Jumapili baada ya sala ya shirika, na kila mara niliongeza chumvi: mara nahodha ana jino la dhahabu, mara anamkonyeza mtoto wake wa kazi. Watu walishika mbavu. Kijana mmoja wa njia yetu alipokwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo wake wa kwanza, alirudi akaniambia kwa kujisifu kwamba alikataa katakata kupanda chombo cha mtu wa pwani. "Wewe ndiye ulitufungua macho, Papa," akasema.

Nahodha yule hakuwa na jino la dhahabu. Hakututega. Aliyewakwamisha watu watano na mashua nzima ni mimi, na nililijua hilo kabla jua halijatua siku ileile. Kwa padri nimekwisha kuungama. Lakini padri hakuwahi kuisikia hadithi yenyewe. Walioisikia ni ninyi, tena wengine mara tano.

Ilikuwa Februari 2022, miezi miwili hivi kabla nchi yetu ya Kongo haijatia sahihi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tulikuwa watano kutoka Bukavu: mimi na shemeji yangu tuliofuata vipuri Kariakoo, mama wawili wa soko la Kadutu waliofuata vitenge, na mama mukubwa, dada ya marehemu mama yangu, ambaye hakufuata kitu. Yeye anauza sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwa letu, na sambaza hazitoki Dar. Alikuja kwa sababu alisema hawezi kufa kabla ya kuona "mayi yenye haina ng'ambo". Ziwa letu la Kivu lina ng'ambo pande zote. Ukisimama Bukavu unaiona Rwanda mbele ya pua yako, na ukitazama kaskazini kuna Idjwi imelala katikati kama ng'ombe.

Mzigo wetu ulichelewa bandarini. Wiki nzima ya kukaa bure kwenye nyumba ya wageni, feni inazunguka, pesa inakwisha. Mwenyeji wetu wa Kariakoo akasema: badala ya kukaa mkila hasara, nendeni Mafia mkaone papa potwe, msimu wake ndio huu. Tukapanda basi mpaka Nyamisati, tukaingia kivukoni, na mchana tukashuka Kilindoni.

Nitasema kweli ya siku ya kwanza, maana ile haikuwa na uongo. Papa potwe ni samaki, si nyangumi, ingawa kwa ukubwa unaweza kumsingizia lolote. Huja upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, mahali ambapo mto Rufiji humwaga maji yake ng'ambo ya pili na bahari inajaa vijidudu vidogo anavyovila. Tuliyemwona alikuwa na mita kama sita, labda saba. Mgongo wake ni wa kijivu wenye madoa meupe yaliyopangwa kama mtu amechapa kitenge, na wanaowachunguza husema madoa hayo ndiyo kitambulisho chake, hakuna wawili wanaofanana. Alipita chini ya mashua taratibu, mdomo wazi kama mlango wa gereji, hana habari na sisi. Mama mukubwa alishika ukingo kwa mikono miwili, hakusema neno. Baadaye, tukiwa tumeshafika nchi kavu, akasema: "Na yote ile mwili, anakula vidogo kushinda sambaza."

Siku hiyohiyo, kwenye duka la Kilindoni, alijinunulia kanga. Nyekundu, yenye maua meusi na mabawa ya njano pembeni. Mama mukubwa hakusoma, kwa hiyo akaninyooshea nimsomee maneno yaliyoandikwa chini. Yalisema: MAJI YAKIJAA HUPWA.

Hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na mkunga wake ni mimi. Kitenzi hicho sikuwahi kukisikia. Swahili yetu ya Bukavu ina maneno ya kila namna, ya Kifaransa, ya Mashi, ya Lingala, lakini hilo haina. Mtu mwenye akili angemuuliza mwenye duka. Mimi nilitabasamu, nikamwambia mama mukubwa kwamba kiwandani wamekosea herufi: walitaka kuandika "hupoa". Maana yake, nikaendelea, ni kwamba hata maji ya moto yakijaa sufuria mwishowe hupoa, yaani hasira huisha. Mama mukubwa akaridhika. Akaifunga kiunoni pamoja na kosa lake la kiwanda.

Kesho yake tukavuka kisiwa mpaka Utende, upande wa mashariki, kwenye ghuba ya Chole. Huko ndiko kwenye lango la Hifadhi ya Bahari Mafia. Tukalipa kiingilio, tukapewa risiti. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, mwaka mmoja baada ya sheria ya hifadhi za bahari kupitishwa. Ina kilomita za mraba 822, na jambo lililonishangaza ni kwamba ndani yake mnaishi watu. Mimi najua hifadhi ya Kahuzi-Biega hapa kwetu, ambako habari ya watu na hifadhi ni ya machozi. Kule Mafia vijiji vimo ndani ya mipaka: Chole, Juani, Jibondo, Utende yenyewe. Bahari imegawanywa; kuna sehemu haziguswi kabisa, kuna sehemu wenyeji wanavua kwa masharti. Zamani, waliniambia, kulikuwa na watu waliovua kwa baruti. Matumbawe yaliyovunjwa kwa baruti huonekana chini kama kifusi cha nyumba iliyoungua, na kifusi cha namna hiyo mtu wa Cimpunda haelezwi mara mbili.

Jioni tukampata nahodha. Mtu wa makamo, mwembamba, kofia ya kiua iliyofubaa, sauti ya chini. Alimwamkia mama mukubwa kwanza: "Shikamoo, bibi." Mama mukubwa, ambaye shikamoo hana jibu lake, akasema, "Jambo, mwanangu." Nahodha akacheka kwa heshima. Tukapatana safari ya siku moja: kwanza Kua, mji wa magofu kwenye kisiwa cha Juani, kisha Chole kuona popo, kisha kurudi. Shilingi 150,000 kwa mashua nzima, nusu mbele. Nikahesabu 75,000 mkononi mwake.

Ndipo akasema: "Basi, tung'oe nanga saa kumi na mbili asubuhi. Kua unaingilia kwenye mkondo wa mikokoni. Tukichelewa, maji yakipwa, hatutoki."

Nikasikia: maji yakipoa.

Nikamtazama. Mtu huyu ananiambia tuamke alfajiri kwa sababu maji yatapoa? Nikajua ni hila. Anataka atupeleke mapema, aturudishe mapema, mchana achukue wateja wengine. Nikamjibu, mbele ya wenzangu wote, kwa sauti ya mtu aliyekulia ziwani: "Baba, sisi ni watu wa Kivu. Maji ya baridi hatuyaogopi. Tutaondoka saa mbili."

Akanitazama kwa muda. Leo ninajua alikuwa anatafuta maana ya jibu langu, kwa sababu halikuwa na maana. Akarudia: "Si baridi, bwana. Maji. Leo mwezi kumi na sita, bado bamvua." Bamvua nalo sikulijua. Nikafikiri ni jina la mtu. Nikasema: "Huyo Bamvua tutaonana naye kesho." Shemeji akaangua kicheko. Nahodha akainua mabega. Mwenye pesa alikuwa mimi.

Ngoja nieleze jambo moja la ziwa letu, si kwa kujitetea, bali msomaji wa Mombasa au Tanga asidhani natia chumvi tena. Ziwa Kivu halipwi wala halijai. Masika hupanda kidogo, kiangazi hushuka kidogo, na tangu lijengwe bwawa la Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950 hata huko kupanda na kushuka kumepimiwa. Jiwe ulilokalia ukiwa mtoto ukioga, mwanao atalikalia. Tena si juu tu: hata kule chini, kwenye mamia ya mita za kina, maji ya ziwa hili hayachanganyiki na ya juu, yamekaa na gesi yake kama mzee aliyefunga mlango. Maji yanayokwenda na kurudi tunayajua huku Cimpunda, lakini ni ya bomba: yanakatika asubuhi, yanarudi saa nane za usiku, na wasichana wanateremka na bido zao gizani. Kwamba bahari nzima inaweza kuondoka mchana kweupe ikarudi jioni, mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kidogo kuliko jana, hakuna aliyewahi kuniambia. Shuleni tuliandika neno *marée* kwenye daftari la jiografia. Niliandika, nikapata alama, nikasahau.

Jumamosi asubuhi hata saa mbili hatukuondoka. Simu yangu haikuwa na moto, na nilitaka picha. Nahodha alikuja mlangoni saa kumi na mbili kamili, akaja tena saa moja, mara ya tatu akamtuma kijana wake. Nikasema nangojea simu ijae. Ilipofika asilimia themanini, tukateremka. Simu ilikuwa imekaribia kujaa. Ufuo wa Utende ulikuwa umekuwa mpana kuliko jana yake, na mashua imesogezwa mbali, tukaifuata kwa miguu maji yakiwa magotini. Nilidhani nahodha ameiweka mbali kwa hasira.

Kua kwenyewe ni mahali pa kunyamaza. Unaingia kwa mkondo mwembamba katikati ya mikoko, halafu unapanda nchi kavu, na kuta za mawe ya matumbawe zinaanza kutokea kati ya miti: misikiti, makaburi, nyumba kubwa inayosemwa kuwa ya mtawala, mizizi ya miti imekumbatia milango. Mji ulianguka mwanzoni mwa karne ya 19, ulipovamiwa na Wasakalava waliotoka Madagaska kwa mitumbwi. Wenyeji husimulia pia kisa cha zamani zaidi, cha watu wa Kua na watu wa Kisimani, upande wa pili wa Mafia. Wa Kisimani walishusha jahazi majini kwa kuliburura juu ya miili ya watoto wa Kua waliokuwa wageni wao. Wa Kua wakakaa kimya miaka. Kisha wakawaalika wa Kisimani harusini, wakawaketisha kwenye chumba cha chini ya ardhi, na wakati karamu imepamba moto wakajenga ukuta mlangoni. Nahodha alitusimulia kwa sauti ileile ya chini, akaongeza: "Wakatoka wote, wakawaacha na sahani zao." Kisha akasema, "Tuondokeni, bwana. Maji."

Nikasema bado picha.

Nilipiga picha nyingi. Nilimpiga shemeji kwenye mlango, nikampiga mama mukubwa chini ya mbuyu na kanga yake nyekundu, nikajipiga mwenyewe nimeegemea ukuta wa watu wenye miaka mia kadhaa kama ni gari langu. Kijana wa mashua alikuja mara mbili. Tuliposhuka mkondoni ilikuwa saa nne na nusu.

Mkondo haukuwepo.

Sijui niseme vipi. Pale tulipokuwa tumepita juu ya maji ya kijani palikuwa na tope jeusi linalong'aa, mizizi ya mikoko imesimama wazi kama vidole, na kaa wadogo maelfu, kila mmoja ameinua gando moja jekundu. Mashua ililala ubavu. Mlingoti umeelekea nchi kavu. Mbali sana, kwenye mwanga, kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu. Shemeji alinishika mkono, akauliza kwa sauti ya mtoto: "Yaya, mayi imeenda wapi?"

Kijana akajaribu kusukuma kwa upondo. Upondo ukazama kwenye tope ukabaki umesimama peke yake. Nahodha hakukasirika. Alikaa kwenye ubao, akavua kofia, akajipangusa, akasema neno moja: "Tumepwelewa."

Nikamwambia ni mwizi. Nilimwambia kwa maneno ambayo hapa sitayaandika, nikamwambia amefanya makusudi ili tumlipe siku mbili, nikamtaka apige simu ije mashua nyingine. Akanijibu kwamba mashua nyingine nayo inahitaji maji. Hakuna jibu lililowahi kuniudhi kama lile, na halina kasoro hata moja.

Tulikaa tangu saa nne na nusu mpaka karibu saa kumi jioni. Jua la Februari kule halina huruma, na upepo wa kaskazi haufiki ndani ya mikoko. Maji yetu ya kunywa yaliisha mapema. Chakula hatukuwa nacho, tulipanga kula Chole. Nahodha akatandika mkeka wake chini ya mbuyu kwa ajili ya mama mukubwa, akatoa kifuko chake: mihogo ya kuchemsha, chumvi kwenye karatasi, chupa ya chai. Kilikuwa chakula chake na cha kijana. Akakigawa kwa watu saba. Mimi nilikula. Nataka hili liandikwe: baada ya kumwita mwizi nilipokea kipande cha muhogo mkononi mwake nikala, na kilikuwa kitamu.

Kwenye saa sita hivi wakatokea wanawake wa Juani. Walikuwa wanatembea juu ya sakafu ya bahari, kanga zimepandishwa, ndoo mkononi na fimbo za chuma zenye ncha, wakiinama kwenye mashimo ya matumbawe. Mmoja alichoma shimo, akavuta, pweza akatoka akiwa amejifunga mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko. Akambandua kama mtu anavyovua glavu, akamtia ndooni, akaendelea kuzungumza na mwenzake. Wanawake wale walijua tangu wiki iliyopita kwamba saa hiyo siku hiyo watakuwa mahali pale. Hawakuwa na saa. Walikuwa na mwezi. Mimi nilikuwa na simu yenye moto asilimia sitini, na sikujua kwamba bahari imeondoka.

Mama mukubwa alizungumza na nahodha muda mrefu pale mkekani. Mimi nilikaa mbali, nimenuna. Nilimwona nahodha akichora mchangani kwa kijiti: duara, halafu duara dogo. Nilimwona akiinua pindo la kanga ya mama mukubwa na kumwonyesha kitu. Nilidhani anasifu maua.

Maji yalirudi bila kelele. Kwanza tope lilianza kumetameta, halafu kaa wakaingia mashimoni, halafu ukatokea uzi wa maji katikati, ukawa mshipi, ukawa mkondo. Mashua ikatikisika, ikasimama yenyewe kama mtu aliyeamka. Nilikuwa nimekaa kimya nikitazama, na hapo, mbele ya macho yangu, maneno mawili yaliyokuwa yamekaa kichwani kama mawe yakafunguka. Maji yakijaa, hupwa. Pwani: mahali pa kupwa. Neno "pwani" nimelitumia tangu utotoni, kwenye redio, kwenye nyimbo, sikuwahi kusikia kilichomo ndani yake. Kiwanda hakikukosea herufi.

Nilijua yote wakati huo. Kila kitu. Kama ningesema "nisamehe, baba," ingekwisha pale.

Tulipita Chole jioni bila kushuka. Popo walikuwa wanaanza kutoka kwenye miti yao, wale wakubwa wenye sura ya mbweha, mabawa kama miavuli ya ngozi, mamia juu yetu wakielekea Mafia kutafuta matunda. Kijana akasema wakati mwingine hushuka wakagusa maji kwa matumbo yao. Sikuwaona wakigusa. Chole palikuwa makao ya serikali wakati wa Wajerumani mpaka walipohamia Kilindoni mwaka 1913, na magofu ya enzi hizo nasikia ni mazuri. Sikuyaona. Tulikuwa tumelipia.

Utende, shemeji na mama wengine wakatangulia. Nahodha akasimama anangoja nusu iliyobaki. Nilipaswa kumpa 75,000. Nikampa 35,000, nikasema arobaini nimekata kwa sababu ya kutuchelewesha na kutunyima Chole. Nilijua ninachofanya. Sikuweza kumlipa mtu kamili kisha nikabaki na kosa langu mwenyewe. Lazima mmoja wetu awe mwizi, na nilihakikisha si mimi. Kijana wake akafungua mdomo, akasema walikuwa na wageni wengine wa saa tisa ambao wamewakosa. Nahodha akamshika bega anyamaze. Hakuzihesabu noti. Akasema: "Haya, bwana. Mola awafikishe salama."

Yaliyobaki mnayajua, kwa sababu niliwaletea. Nilianza kuisimulia basini, kabla hata ya mpaka wa Rusumo, nione kama inasimama. Ilisimama. Shemeji hakuelewa kilichotokea kwa hiyo aliniunga mkono kwa moyo safi. Nilipofika Cimpunda ilikuwa imekomaa. Na ina raha yake, hadithi ya kudanganywa na mtu wa mbali: inamfanya msimuliaji awe mjanja na mnyonge kwa pamoja, na hakuna anayekwenda kuuliza upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa umbali wa siku kadhaa za basi, na chombo juu yake.

Mama mukubwa hakuwahi kunikatiza. Alikuwa anakaa palepale, kanga nyekundu mabegani, imeanza kupauka, maneno yako nje kila mtu anayaona. Miaka mitatu nilisema uongo mbele ya ushahidi uliochapwa kiwandani.

Siku niliyoumbuka ilikuwa ya kumaliza matanga, mwaka 2025, hapa juu karibu na kwetu. Palikuwa na mgeni kutoka Uvira ambaye hakuwa ameisikia, na watu wakaniomba. Nikaanza. Nilikuwa nimefika kwenye jino la dhahabu mama mukubwa alipoinuka. Anapoinuka siku hizi inachukua muda, magoti yamechoka, kwa hiyo kila mtu alinyamaza kungoja aseme anataka nini. Akaivua kanga. Akaitandaza kwenye mapaja yangu, maneno juu, akaweka kidole.

"Soma ile neno."

Nikasoma.

"Eleza batu maana yake."

Sikuweza. Akaeleza yeye, ambaye hakusoma. Alieleza mwezi, alieleza duara kubwa na duara dogo, alieleza kwa nini nahodha alikuja mlangoni mara mbili na mara ya tatu akamtuma kijana, alieleza mihogo. Bamvua, zile siku za mwezi ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kiasi, alilitamka vizuri kuliko mimi ninavyolitamka leo. Kisha akasema: "Ulisema wenye kiwanda balikosa. Nilingoya useme mwenyewe. Nimengoya miaka tatu. Njo maana siitupe hii kanga." Na akaenda kukaa.

Hakuna aliyecheka. Yule kijana aliyekataa kupanda mashua alikuwa amesimama mlangoni.

Baadaye nilimuuliza mama mukubwa kwa nini hakusema Utende, ningemrudishia nahodha pesa yake palepale. Akaniambia hakujua kama nimekata. Alijua kosa, alijua uongo. Wizi alikuwa hajaujua mpaka nilipomwambia mimi mwenyewe, kwenye swali langu. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama alivyomwangalia papa potwe.

Kwenda kulipa kwa mkono wangu kumekuwa kugumu. Vita vilipoingia mjini Februari 2025 benki zilifungwa, na safari ya Dar ikawa haipangwi kama zamani. Jina la nahodha sikulichukua, wala namba yake. Mtu uliyemwita mwizi humuombi namba. Lakini Utende si mji mkubwa, na sidhani kama wamesahau Wakongo watano waliolala kwenye tope la Kua mchana kutwa kwa sababu ya chaji ya simu.

Nimenunua noti za Tanzania kwa mbadilishaji wa pesa, shilingi 40,000 za deni na 40,000 nyingine za wageni wa saa tisa. Zimo kwenye bahasha, na bahasha haiko kwangu, iko kwa mama mukubwa, imekunjwa ndani ya kanga. Mfanyabiashara yeyote wa hapa ambaye njia yake itafika Mafia apite aichukue kwake. Mama mukubwa mwenyewe atamweleza sura ya nahodha, maana anaikumbuka bila jino la dhahabu.